Mmoja Kwenye Usukani, Mmoja Chini: Kuegesha Tela kati ya Denver na Yellowstone

Tela la kulala ni chumba cha magurudumu kisicho na injini. Ndani yake mna vitanda, jiko la gesi, jokofu, choo na tangi la maji, na huvutwa na gari lenye nguvu, kwa kawaida pikapu. Nchini Marekani matela haya hutengenezwa kwa wingi katika mji wa Elkhart, jimbo la Indiana, na maeneo yanayouzunguka. Mengi yana urefu wa kati ya mita 5 na 10, na upana usiozidi mita 2.6. Tela na pikapu vikiunganishwa, urefu wote waweza kufika mita 15. Kulivuta tela mbele barabarani hujifunzwa upesi. Kulirudisha nyuma hadi likae sawasawa katika nafasi yake kambini ni kazi nyingine kabisa, nayo ni kazi ya watu wawili: mmoja kwenye usukani, mwingine chini akielekeza. Mara nyingi wawili hao ni mume na mke.

Safari inayosimuliwa hapa ilianzia Denver, mji mkuu wa jimbo la Colorado, ikaelekea kaskazini hadi Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, ambayo sehemu yake kubwa iko Wyoming. Wenyeji wetu walikuwa wazee wawili waliostaafu, mume na mke, wenye tela la Airstream, lile la alumini tupu inayong'aa bila rangi. Aina hiyo si ngeni kabisa Afrika Mashariki. Mwaka 1959 mwanzilishi wa kampuni hiyo, Wally Byam, aliongoza msafara wa matela yapatayo 40 kutoka Cape Town. Msafara huo ulipita Kenya na Ethiopia na kufika Cairo mwaka 1960.

Kutoka Denver barabara kuu namba 25 hupanda hadi Cheyenne, na kutoka hapo namba 80 hushika magharibi kuelekea Laramie. Kati ya miji hiyo miwili pana majabali makubwa ya matale mahali panapoitwa Vedauwoo, ndani ya msitu wa serikali, na chini ya majabali hayo pana kambi. Hapo ndipo wenyeji wetu waliporudisha tela kwa mara ya kwanza katika safari hii, na hapo ndipo inapofaa kueleza kwa nini mtu alazimike kurudi nyuma, badala ya kuingia mbele kwa mbele kama anavyoingia uani kwake.

Sababu ni mizizi ya miti. Miaka ya 1920 Wamarekani walipoanza kwenda misituni kwa magari yao, kila mtu aliegesha alipopenda, chini ya mti aliochagua. Emilio Meinecke, mtaalamu wa magonjwa ya mimea, alichunguza miti iliyokuwa ikidhoofika katika misitu ya California na kuonyesha kwamba magari na nyayo za watu hushindilia udongo hadi mizizi ikakosa hewa na maji. Mwaka 1932 alichapisha mwongozo wa kupanga kambi. Alitaka pawe na njia nyembamba ya mzunguko inayopitwa upande mmoja tu, na kutoka katika njia hiyo vijia vifupi vichepuke kuingia kila nafasi. Meza na mahali pa moto visihamishwe, na mawe makubwa au magogo yawekwe kandokando ili gari lisikanyage penginepo. Kuanzia 1933 hadi 1942 vijana wa Civilian Conservation Corps, kikosi cha kazi kilichoundwa na Rais Franklin Roosevelt wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, walijenga kambi nyingi kwa mpango huo. Kijia kisicho na upande wa pili wa kutokea humlazimu mwenye tela kuingia kinyumenyume, la sivyo atashindwa kutoka. Tena vijia hivyo vilipimwa kwa magari ya zama zile. Basi lile jiwe linalochubua ubavu wa tela leo liliwekwa kulinda mzizi wa msonobari, na limeulinda. Mpango wa Meinecke ni miongoni mwa mambo mema yaliyowahi kufanyiwa misitu ya nchi ile, na usumbufu wa nusu saa kwenye usukani ni gharama ndogo.

Kazi yenyewe hutawaliwa na jiometri. Kichwa cha tela hukalia tufe la chuma lililofungwa nyuma ya bampa ya pikapu, na tufe hilo ndilo kiungo pekee. Dereva anaporudi nyuma akakata usukani kulia, nyuma ya gari huenda kulia na kuisukuma pua ya tela kulia. Kwa hiyo mkia wa tela, ambao ndio unaotangulia kuingia kambini, huelekea kushoto. Ni kinyume cha kila alichozoea. Wanaofundisha kazi hii humwambia mwanafunzi ashike usukani kwa mkono mmoja, sehemu ya chini kabisa. Mkono ukisogea kushoto, mkia wa tela huenda kushoto. Ukisogea kulia, huenda kulia. Hapo akili hupumzika na kubaki na jambo moja la kutazama, yaani mkia.

Jambo la pili ni kwamba tela linalorudi nyuma halijinyooshi lenyewe. Pembe ndogo kati ya gari na tela huzidi kukua kadiri mwendo unavyoendelea, hata kama usukani haujaguswa tena. Isiporekebishwa mapema, gari na tela hukunjana mpaka kona ya bampa ikagonga pua ya tela, na bati likapinda. Tiba ni kusimama, kuingiza gia ya mbele na kusogea hatua chache, kwa maana mwendo wa mbele hulinyoosha tela daima. Madereva wenye uzoefu husogea mbele mara nyingi bila kuona haya. Wageni wa kazi hung'ang'ana kurudi nyuma, wakidhani kwamba kwenda mbele ni kushindwa. Watu wengi pia hudhani tela fupi ni rahisi kulirudisha. Kwa kweli tela fupi hugeuka ghafla na halisamehe kosa la usukani, ilhali refu hugeuka polepole na kumpa dereva muda wa kufikiri.

Kabla ya kurudi hata hatua moja, wenyeji wetu walisimama kando na kushuka wote wawili. Walitembea nafasi yao kwa miguu, wakaangalia mambo ambayo kioo cha gari hakiwezi kuyaonyesha: tawi lililoning'inia kimo cha paa, kisiki kilichofichwa na nyasi, mteremko wa ardhi, meza ilipo. Madereva wa malori wa Marekani wana desturi hiyohiyo ya kushuka na kutazama kila wanapokuwa na shaka, nayo huokoa mali nyingi kuliko chombo chochote. Wakiwa pale chini walikubaliana tela lisimame wapi. Katika matela ya Marekani mlango uko upande wa kulia, na mabomba ya maji, waya wa umeme na bomba la maji machafu viko kushoto. Kwa hiyo nafasi iachwe kulia kwa ajili ya kukaa na kula, na kushoto tela lisogelee nguzo ya huduma kama ipo. Yakiwa matela ambayo sehemu ya ukuta husukumwa nje kupanua sebule, nafasi ya ukuta huo nayo hupimwa.

Baada ya hapo dereva alikipita kijia akiwa amejongea upande kilipo, kisha akakata usukani kwenda ng'ambo ya njia. Mzunguko huo uliacha tela likiwa tayari limepinda, mkia ukielekea langoni. Hatua hiyo ndiyo inayoamua mengine yote: pembe nzuri mwanzoni hupunguza nusu ya kazi. Akaanza kurudi polepole, mwendo wa mtu anayetembea kwa mashaka. Mkia ulipoingia langoni aliurudisha usukani upande wa pili ili gari lilifuate tela katika duara, na vilipokuwa karibu kuwa mstari mmoja akanyoosha.

Muda wote huo mkewe hakusimama mahali pamoja. Mwelekezaji anayefaa hutembea. Huenda kona ya nyuma ya upande ule dereva asioona, hutazama juu kwenye matawi, hurudi mbele kuangalia kona ya bampa isije ikakanyaga jiwe, kisha hujitokeza tena. Sharti lake kubwa ni kuonekana. Kila wakati awe ndani ya kioo cha pembeni cha gari, na asipite kamwe katikati ya mkia wa tela na mti ulio nyuma yake. Dereva naye ana sharti moja lisilo na mjadala: mwelekezaji akitoweka kwenye kioo, gari lisimame hapohapo. Huenda ameinama kuokota kijiti, huenda ameanguka. Dereva hana namna ya kujua.

Maelewano kati ya wawili hao huharibika zaidi kwenye maneno kuliko kwenye usukani. Mmoja akisema "kushoto," mwenzake ana haki ya kuuliza ni kushoto kwa kitu gani. Usukani ukikatwa kushoto, mkia wa tela huenda kulia. Basi agizo moja lina maana mbili zinazopingana. Mwelekezaji akilitazama gari, kushoto kwake na kwa dereva ni kumoja. Akigeuka kuutazama mti ulio nyuma yake, kushoto kwake kumekuwa kulia kwa dereva. Wenyeji wetu walikuwa wameyaacha kabisa maneno hayo mawili. Walisema "upande wa dereva" na "upande wa abiria," na kila agizo lilihusu mkia wa tela unakotakiwa kwenda. Usukani haukutajwa hata mara moja, kwa kuwa usukani ni wa anayeushika. Ishara zao zilikuwa chache vilevile. Mkono ulionyooshwa pembeni ulionyesha mkia uende wapi, viganja viwili vilivyokaribiana polepole vilionyesha umbali uliobaki, ngumi juu ikawa amri ya kusimama. Neno "simama" lilikuwa na hadhi ya pekee. Lilipotamkwa, breki zilikanyagwa kwanza na maelezo yakafuata.

Pasipo makubaliano ya namna hiyo, ugomvi huzuka, na kambi nyingi za Marekani huushuhudia kila jioni ya majira ya joto. Watu hufika wamechoka, jua linazama, watoto wana njaa, na majirani wamekaa kwenye viti vyao wakitazama. Dereva hupandisha sauti kwa sababu haoni. Mwelekezaji hupandisha sauti kwa sababu hasikiwi. Kila mmoja huhisi mwenzake amepuuza jambo lililo wazi, na kwa hakika lilikuwa wazi kwa mmoja tu. Filamu ya mwaka 1954, The Long, Long Trailer, iliyoongozwa na Vincente Minnelli, inawaonyesha maharusi, wakiigizwa na Lucille Ball na Desi Arnaz waliokuwa mume na mke kweli, wakijaribu kurudisha tela refu uani kwa jamaa wa mke. Kila aliyesimama pale anapiga kelele za maelekezo, na tela linaharibu maua na sehemu ya nyumba. Watazamaji walicheka, lakini chanzo cha hasara ile kimeonyeshwa kwa usahihi: sauti zilikuwa nyingi. Mwelekezaji lazima awe mmoja. Jirani akija kusaidia, ama akabidhiwe kazi yote ama ashukuriwe na kuombwa akae pembeni.

Afrika Mashariki kazi hii ina mwenyewe. Kwenye malori ni kazi ya utingo, ambaye wengine humwita tandiboi. Cheo chake ni kidogo kuliko cha dereva, na barabarani hutumwa hili na lile. Lakini lori linapoingia rivasi sokoni au ghalani, dereva humtii neno kwa neno, "njoo, njoo, kata, nyoosha, hapohapo," na akisikia kiganja kikipigwa kwenye bodi hukanyaga breki bila kuuliza. Utii huo haumpunguzii dereva heshima, maana ni sehemu ya kazi. Wanandoa wengi wenye matela hawana mgawanyo huo. Wamezoea kushauriana katika mambo yote kama watu sawa, jambo jema nyumbani, ila kwa dakika 10 za kurudi nyuma ushauri huwa hatari. Kwa dakika hizo aliye chini ndiye anayeona, na anayeona ndiye anayeamuru.

Magharibi ya Laramie barabara hupita nyanda za upepo mkali. Sehemu hiyo hadi Rawlins hujulikana kwa upepo unaoweza kupindua matela, na siku mbaya mamlaka huyazuia yasipite. Rawlins tulilala katika kambi ya watu binafsi ambayo nafasi zake zina njia ya kuingilia na ya kutokea, kwa hiyo hapakuwa na la kurudisha. Nafasi kama hizo ni pana, zimekaribiana na mara nyingi hazina miti. Kutoka hapo barabara namba 287 hufuata Lander na Dubois, hupanda mlima kwenye kipito cha Togwotee, karibu mita 2,940 juu ya usawa wa bahari, kisha hushuka, na vilele vya milima ya Teton hutokea mbele kwa ghafla.

Yellowstone, iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1872, ina kambi kadhaa. Ile ya Fishing Bridge, karibu na mahali Mto Yellowstone unapotoka ziwani, hupokea tu matela na magari yenye kuta ngumu. Mahema na matela ya turubai hayaruhusiwi, kwa kuwa dubu wakubwa wa kahawia hupita eneo hilo. Tulifika giza likiingia, na nafasi tuliyopewa ilikuwa upande wa kulia wa njia. Kwa dereva wa Marekani, anayekaa kushoto, huo ni upande wa upofu. Akirudi kushoto huweza kuchungulia dirishani kwake na kuuona ubavu wote wa tela. Akirudi kulia, tela lenyewe hujikunja na kuziba kioo, akabaki anaona alumini peke yake. Kwa madereva wa Kenya, Uganda na Tanzania, wanaokaa kulia, mambo hugeuka. Panapokuwa na njia ya mzunguko, wengine huizunguka upya ili waifikie nafasi kwa upande mwema, mradi sheria ya njia iruhusu. Pale haikuruhusu.

Mzigo wote ukamwangukia mwelekezaji. Mikono haikuonekana tena gizani, kwa hiyo wenyeji wetu walitoa redio za upepo, ndogo za mkononi, za masafa ambayo serikali ya Marekani iliyafungua kwa matumizi ya familia mwaka 1996 bila leseni. Simu hufaa pia, ila maeneo mengi ya Yellowstone hayana mtandao. Mke alizungumza mfululizo kwa sauti ya kawaida, akitaja umbali hata pasipo jambo jipya, maana ukimya kwenye redio humtia dereva wasiwasi. Tochi yake aliielekeza chini, kwenye kona ya kijia, isimwangaze dereva machoni kupitia kioo. Mara mbili walisogea mbele na kuanza tena. Hakuna aliyepandisha sauti.

Vyombo vya kisasa husaidia kwa kiasi. Tangu Mei 2018 sheria ya Marekani hutaka magari madogo mapya yawe na kamera ya nyuma, lakini tela likishafungwa, kamera hiyo huonyesha pua ya tela tu. Lazima nyingine ifungwe mkiani. Kuanzia toleo la mwaka 2016 Ford iliuza pikapu aina ya F-150 yenye kitufe cha kuzungusha: dereva hukielekeza upande anaotaka tela liende, na gari hujikatia usukani lenyewe. Chombo hicho huondoa ule ukinyume wa usukani. Hakioni tawi, wala hakijui kama mtoto wa jirani amekimbilia mpira nyuma ya tela. Mtu wa chini bado anahitajika.

Dawa iliyo bora kuliko vyombo ni kubadilishana nafasi. Katika familia nyingi mume ndiye huendesha na mke huelekeza, miaka nenda miaka rudi, na kila mmoja huamini kwamba kazi ya mwenzake ndiyo rahisi. Wenyeji wetu walikuwa wamefanya mazoezi Jumapili kadhaa katika uwanja mtupu wa kuegeshea magari, kwa koni za plastiki badala ya miti, wakipokezana usukani. Aliyewahi kukaa kwenye kiti cha dereva akiwa haoni kitu kwenye kioo cha kulia hujua kwa nini mwelekezaji asinyamaze. Aliyewahi kusimama chini, tani tatu za chuma zikimjia, hujua kwa nini mwendo uwe wa polepole.

Tela likishasimama, kazi haijaisha. Kwanza hupimwa kwa pimamaji kama limelala upande mmoja, na likiwa limeinama, hupandishwa juu ya vibao upande ulio chini. Kisha kabari hutiwa mbele na nyuma ya magurudumu ya tela, na hapo tu ndipo kichwa chake hufunguliwa kutoka kwenye tufe la pikapu. Kufungua kabla ya kabari ni kosa kubwa kuliko yote yaliyotajwa hapa. Breki za tela hutegemea gari linalolivuta, na likiachwa peke yake kwenye mteremko huanza safari yake. Mwisho jeki ya mbele huinua au kushusha pua mpaka sakafu iwe sawa, ndipo waya wa umeme na bomba la maji huunganishwa.

Msomaji atakayejaliwa kulala katika kambi kama hizo na akaona watu wawili wakirudisha tela lao, awaite watoto wake karibu, azime taa inayowamulika wageni machoni, na asiwasemeshe hata kwa salamu mpaka kabari ziwe zimewekwa.